Mji umebeba jina la daraja, daraja limekosa mwenyewe

Matatu za Eldoret kwenda Kitale hupita Soy, zikasimama Moi's Bridge, utingo akaita "Bridge! Bridge!" na wenye magunia wakateremka. Wachache hugeuza shingo kutazama mto uliouzaa mji huo. Ni miongoni mwa miji michache nchini iliyopewa jina la daraja, tena jina lenyewe limewahi kubadilishwa. Zamani paliitwa Hoey's Bridge, kwa heshima ya Arthur Cecil Hoey, mwindaji Mzungu aliyeufahamu uwanda wa Uasin Gishu kabla walowezi hawajaugawana, na ambaye alilaza magogo juu ya Mto Nzoia ili mikokoteni ipate kuvuka kwenda ng'ambo. Baadaye pakapewa jina la Daniel arap Moi. Mwindaji akatoka, rais akaingia. Waliokata magogo na kuyabeba hawakuwahi kufikiriwa.

Nzoia ya hapo si mto wa kutisha. Unateremka kutoka milima ya Cherangani, na bado una safari ndefu hadi Budalangi, ambako huvunja kingo zake na kuwafukuza watu majumbani kabla ya kumwaga maji Ziwa Victoria. Huku juu ni mto mdogo. Hata hivyo ndio uliowatenga wakulima wa Trans Nzoia na soko la mazao yao, na ndio reli ya Kitale ililazimika kuuvuka ilipokamilika mwaka 1926. Reli hiyo ni tawi la takriban kilomita 65 linalochepuka kutoka njia kuu pale Leseru, magharibi ya Eldoret, na kuishia Kitale. Magogo ya Hoey yalikuwa ya mikokoteni ya ng'ombe. Treni ilihitaji chuma.

Eldoret ilitawazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, Rais William Ruto alipoikabidhi hati yake. Jiji hilo lina uwanja wa ndege, lina barabara ya kukwepa msongamano wa katikati, lina wanariadha ambao dunia nzima inawajua. Reli iliyolikuza haitajwi sana. Madaraja ya reli hiyo, ya Nzoia na mengine madogo yasiyo na jina yanayovuka vijito vya uwanda kuanzia Timboroa hadi Turbo, yanatajwa mara chache zaidi, na ikitokea yametajwa basi ni kwa sababu mtu amekamatwa na vipande vya chuma. Huo ni uzembe, na safari hii gharama yake itakuwa kubwa, kwa sababu reli mpya inayopangwa kwenda Malaba haitapita Eldoret.

Kabla ya kufika huko, inafaa kukumbuka jinsi reli ya zamani ilivyofika.

Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini, familia 47 wakiongozwa na Jansen van Rensburg, waliteremka melini Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakafunga ng'ombe kwenye mikokoteni na kupanda mlima. Waliufikia Mto Sosiani mwezi Oktoba. Katikati ya safari kulikuwa na misitu ya mianzi na matope ya Timboroa, ambako mkokoteni ulizama hadi kwenye ekseli na ikabidi miti ikatwe na kulazwa juu ya tope ili magurudumu yapate mahali pa kukanyaga. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano baadaye, kila kilichoingia au kutoka Eldoret, mji ulioitwa "Sikstifoo", kwa sababu ulianzia kwenye shamba nambari 64, kilipita njia hiyo kutoka steshani ya Londiani. Mahindi yaliota vizuri sana. Kuyafikisha baharini kulimaliza faida yote.

Walowezi wakapiga kelele, na serikali ya koloni ikawasikiliza. Mwaka 1921 Kenya ilikopa pauni milioni 5, fedha zilizoingia kwenye reli na kwenye bandari ya Kilindini, na kazi ya kujenga njia kutoka Nakuru ikapewa kampuni ya Griffiths. Treni ilifika Eldoret mwaka 1924. Njiani ilipanda hadi futi 9,136 karibu na Timboroa, yaani mita 2,785 juu ya usawa wa bahari, kilele ambacho hakuna njia ya reli katika himaya yote ya Uingereza iliyokifikia. Kisha ikasonga mbele kupitia Turbo, ikavuka Nzoia upande wa chini karibu na Webuye, ikaingia Uganda kwa Tororo, na mapema mwaka 1931, daraja la Jinja juu ya Nile lilipofunguliwa, ikafika Kampala.

Njia hiyo ilileta ugomvi mkubwa. Palikuwa na njia nyingine iliyopendekezwa kwa ajili ya kwenda Uganda, ya kupitia upande wa Kisumu na Mumias, ambako nchi ni ya chini, mlima si mkali, na ambako tayari kulikuwa na watu wengi wanaolima. Wakosoaji waliuliza ni akili gani inayompeleka mtu kwenye baridi ya Timboroa ili afike Kampala. William McGregor Ross, ambaye alikuwa mkurugenzi wa idara ya ujenzi wa umma nchini kabla ya kustaafu, alichapisha kitabu mwaka 1927 na humo akaishambulia biashara nzima ya reli ya Uasin Gishu. Jibu lilikuwa wazi kwa kila aliyetazama ramani: reli ilifuata mashamba ya Wazungu. Tawi la Kitale lilifanya vivyo hivyo, sawa na la Solai na la Thomson's Falls, ambayo sasa ni Nyahururu. Katika matawi ya miaka ile, lile la Butere, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930, ndilo hasa lililoingia moja kwa moja kwenye ardhi za wakulima Waafrika.

Hata nauli zilipangwa kwa kuangalia rangi ya mkulima. Kuanzia mwaka 1922 mahindi ya kuuzwa nje yalisafirishwa kwa nauli nafuu iliyowekwa maalumu, na wanaolima mahindi ya kuuza nje walijulikana ni akina nani. Pamba ya Uganda, iliyolimwa na Waafrika, ililipa zaidi. Viongozi wa Uganda walilalamika kwa miaka mingi kwamba pamba yao ilikuwa ikigharimia mahindi ya majirani.

Halafu kuna suala la mikono iliyofanya kazi. Reli ya kwanza, ya Mombasa hadi Kisumu, ilijengwa kwa kiasi kikubwa na vibarua walioletwa kutoka India, watu 31,983, na kati yao 2,493 walikufa. Hesabu hizo zipo kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwenye mkataba. Reli ya Uasin Gishu ilikuwa na desturi nyingine. Ilijengwa na Waafrika, wengi wakiwa wamesukumwa na machifu ambao nao walisukumwa na maofisa wa wilaya, katika miaka ambayo kipande, hati ya lazima ya utambulisho, kilikuwa kimeanza kuning'inizwa shingoni mwa kila mwanamume Mwafrika. Kambi zilikuwa juu milimani, kwenye mvua na baridi ambayo mtu wa nyanda za chini hakuizoea. Chakula kilikuwa kibaya na magonjwa ya tumbo yaliua. Vibarua wa hiari walipokuwa haba, serikali ya koloni iliomba London ruhusa ya kulazimisha watu waende kwenye ujenzi wa reli mpya, na mwaka 1925 ruhusa ikatolewa.

Kwa Wanandi jambo hili halikuwa habari ya mbali. Walikuwa wamepigana na Waingereza kwa zaidi ya miaka kumi, hadi kiongozi wao Koitalel Samoei alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905, na katika vita hivyo waya za simu na bolti za reli zilikuwa miongoni mwa vitu walivyochukua, wakazigeuza mapambo na silaha. Mwaka 1923 malalamiko yalipanda tena: ardhi iliyonyang'anywa, kodi iliyoongezwa, karantini iliyozuia ng'ombe kuuzwa, na wanaume kuchukuliwa kwenda kujenga reli ya Uasin Gishu. Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho wa Wanandi, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa mwaka huo kabla ya sherehe kubwa ya kukabidhiana rika. Aliachiliwa mwaka 1964, Kenya ikiwa tayari huru. Kwa hiyo mtu anayesema madaraja haya ni mali ya mkoloni ana haki ya nusu tu. Mkoloni alitoa hati na mkopo, mkopo ambao koloni lenyewe lililipa. Jasho, na wakati mwingine roho, zilitoka hapa.

Linganisha na sifa ya Tsavo. Mto Tsavo nao ni mdogo, na daraja lake la reli si refu. Lakini karibu kila mtoto wa shule Kenya amelisikia. Sababu ni simba wawili wasio na manyoya shingoni ambao mwaka 1898 walisimamisha kazi ya mhandisi John Henry Patterson kwa miezi tisa hivi. Patterson aliwaua Desemba, akalimaliza daraja mapema mwaka 1899, na mwaka 1907 akachapisha kitabu. Idadi ya walioliwa ilikua kadiri hadithi ilivyosimuliwa. Kuna wakati ilifika 135, na ndipo mwaka 2009 watafiti wakachunguza mifupa na manyoya ya simba hao, ambao ngozi zao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago miaka ya 1920, na kukadiria kuwa watu walioliwa walikuwa kama 35. Daraja lenyewe, nguzo zake za mawe ambayo Patterson aliyatafuta porini, na jinsi zilivyostahimili mafuriko yaliyosomba madaraja ya muda na kuyabamiza dhidi yake, halimsisimui mtu. Watalii huenda kwa ajili ya simba.

Mfano wa Thailand unachekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Mwaka 1943 jeshi la Japani lilijenga daraja la reli karibu na mji wa Kanchanaburi, kwa nguvu za mateka wa vita wa nchi za Magharibi na vibarua wa Asia waliolazimishwa. Filamu maarufu ilipotoka mwaka 1957, wageni walianza kumiminika kutafuta mto Kwai, na kwa kuwa daraja lilikuwa juu ya mto wenye jina tofauti, serikali ikabadilisha jina la kipande hicho cha mto. Mateka Wazungu wana makaburi yaliyopangwa kwa mistari na majina yao juu ya kila jiwe. Vibarua wa Asia walikufa wengi zaidi, na wengi hawana hata alama. Yaliyotokea Uasin Gishu hayakufikia ukubwa huo. Lakini kanuni ya nani akumbukwe ni ileile: mwenye kalamu.

Hata madaraja ya mlima Mau, kwenye njia ya kwenda Kisumu, yana hadithi iliyoandikwa. Mwaka 1900 zabuni ya madaraja marefu 27 ya chuma ilitolewa kwa kampuni ya Kimarekani, American Bridge Company, kwa kuwa ilikuwa nafuu na ya haraka kuliko viwanda vya Uingereza, na wabunge wa London wakalalama kwamba reli ya himaya inajengwa kwa chuma cha wageni. Chuma hicho kilisafirishwa kwa meli hadi Mombasa na kuunganishwa porini na mafundi wachache wa Kimarekani pamoja na vibarua wa Kihindi. Mhandisi wao aliandika makala kuhusu kazi hiyo gazetini kwao. Madaraja ya Leseru hadi Kitale hayajapata hata makala.

Pengine ni kwa sababu daraja dogo la reli halijionyeshi. Kwa kawaida ni kingo mbili za mawe au zege, pengine nguzo katikati, mihimili ya chuma iliyokazwa kwa ribiti, na mataruma juu yake. Upande mmoja wa mhimili hufungwa kabisa. Upande wa pili huachwa ujongee kidogo, maana chuma hutanuka jua la mchana likikichoma na kusinyaa usiku, na Uasin Gishu usiku si wa mchezo. Pakiziba kwa tope na kutu, mhimili hukosa pa kujongelea na huanza kusukuma ukuta. Maji nayo hula polepole chini ya msingi, mahali ambapo macho hayafiki. Ndiyo maana zamani kila kipande cha reli kilikuwa na genge lake na nyapara wake, watu waliotembea njia hiyo kwa miguu wakigonga bolti, wakizibua mifereji na kung'oa miche kabla haijawa miti.

Daraja pia ndilo lililoamua ni kichwa gani cha treni kipite. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilipoagiza injini kubwa za Garratt za aina ya 59 miaka ya 1950, zenye uzito wa tani 250 hivi, zilitengewa njia imara ya Mombasa. Huku juu zilikuja Garratt nyepesi, kama zile za aina ya 60, ambazo kila ekseli ilibeba tani 11 tu. Garratt ilikuwa na akili yake: tangi la kuchemshia maji lilining'inia katikati ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, hivyo uzito ukatawanywa kwenye magurudumu mengi, na daraja fupi halikubeba mzigo wote kwa mara moja. Bila ujanja huo, mahindi ya Kitale yasingevuka Nzoia kwa wingi uliowezekana. Injini moja ya aina ya 60, nambari 6006, imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya reli jijini Nairobi, ambalo lilifunguliwa mwaka 1971. Wanafunzi huipanda na kupigwa picha.

Kuporomoka hakukuja kwa siku moja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la reli likagawanywa. Malori yakaongezeka. Mwaka 1994 bomba la mafuta lilifikishwa Eldoret, na tangu hapo petroli na dizeli zilizokuwa zikipanda mlima kwa treni zikapanda kwa bomba, kisha zikachukuliwa na malori kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Bomba ni salama na ni nafuu, hakuna wa kulilaumu, lakini reli ilipoteza mteja mkubwa. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli Kibera, na Uganda ikakosa mafuta. Siku zile ndipo wengi walipogundua kuwa reli bado ilikuwa na kazi. Kampuni ya Rift Valley Railways, iliyokabidhiwa njia hizi mwaka 2006 kwa ahadi nyingi, iliondoka mwaka 2017 ikiwa imeshindwa kuzitimiza. Matawi yaliumia kuliko shina. Reli isiyopitiwa na treni ikaota nyasi, watu wakalima hadi kwenye mataruma, na mataruma ya chuma yakaanza kupotea.

Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kuingia gizani. Miezi michache baadaye marufuku iliondolewa na masharti mapya yakawekwa. Masharti ni mazuri kwenye karatasi. Lakini mwenye kuiba taruma usiku hawaogopi maofisa wa Nairobi. Anaogopa watu wa kijiji watakaomuuliza analipeleka wapi, na wanakijiji hawatauliza ikiwa kwa miaka 20 hawajaona treni. Ulinzi bora wa reli ni treni yenyewe.

Serikali, kusema haki, haikulala kabisa. Reli ya zamani kutoka Naivasha kwenda Malaba ilikarabatiwa baada ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, kuishia Suswa mwaka 2019, na Shirika la Reli la Kenya liliweka tawi la Leseru hadi Kitale kwenye orodha ya njia za kufufuliwa pamoja na Nyahururu na Butere. Hiyo ni hatua njema. Lakini kufyeka nyasi na kupitisha treni ya majaribio si sawa na kuwa na ratiba, bei inayojulikana na mahali pa kupakia magunia. Mkulima wa Moi's Bridge hahitaji kuambiwa kuwa njia imefunguliwa. Anahitaji kujua treni inaondoka siku gani.

Na sasa ndipo historia inapofanya mzaha wake. Mpango wa kuiendeleza SGR kutoka Naivasha unaipeleka Narok, Bomet na Kisumu, kisha Mumias na Malaba. Njia ile ya Mumias ambayo walowezi waliikataa miaka 100 iliyopita ndiyo iliyochaguliwa leo, kwa sababu zilezile wakosoaji walizozitaja wakati huo: nchi ni ya chini, watu ni wengi. Hakuna sababu ya Eldoret kulia. Uamuzi huo unarekebisha upendeleo wa zamani, na watu wa Mumias wamesubiri vya kutosha. Lakini maana yake kwa Kaskazini mwa Bonde la Ufa ni moja. Reli pekee ambayo Eldoret, Turbo, Soy na Kitale zitakuwa nayo kwa kipindi kirefu kijacho ni hii ya mita moja upana, na reli hii ina nguvu sawa na daraja lake bovu kuliko yote.

Watakuwepo wasemao kuwa vyuma vya karne iliyopita vikayeyushwe na pesa zijenge zahanati. Hoja hiyo ina sura ya huruma, lakini hesabu yake si sahihi. Mihimili ikishauzwa kwa kilo hairudi, na daraja jipya la reli juu ya mto uleule litagharimu mara nyingi ya kile dalali alicholipa. Mahindi na mbolea vitaendelea kupita barabara ya Kitale kwa malori, na kila mwaka kaunti na serikali kuu zitaziba mashimo yaleyale. Eneo hili ndilo ghala la nchi, na Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao ina maghala yake Eldoret, Moi's Bridge na Kitale, miji yote mitatu ikiwa imepitiwa na reli. Aliyeyapanga maghala hayo alikuwa na treni akilini.

Wapo pia wapenzi wa mambo ya kale ambao wangetaka kila daraja lipakwe rangi na kuwekewa kibao. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au mahali pa umri wowote kuwa turathi ya taifa, kwa tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali. Itumike. Daraja la reli la Nzoia na madaraja makubwa ya Timboroa yanastahili kuwa kwenye orodha hiyo kabla ya nyumba nyingi za walowezi ambazo sasa ni hoteli. Lakini kibao kisichokuwa na treni hakimzuii mwizi. Daraja la Victoria Falls, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilifunguliwa mwaka 1905 na bado linabeba treni, magari na watalii wanaojirusha kwa kamba. Linatunzwa kwa sababu likifungwa kuna watu watakaokosa pesa kesho yake asubuhi.

Kama kibao kitawekwa, maneno yake yaandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, na yasiishie kwenye jina la mwindaji na la rais. Yaseme kuwa hapa walipita watu walioletwa kwa amri ya chifu, waliolala kwenye baridi, waliolipwa kidogo, na kwamba baadhi hawakurudi. Vyuo vikuu havikosekani Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi kimekuwepo tangu 1984 na kina wanahistoria. Kazi ya kusoma majalada ya wilaya kwenye hifadhi ya taifa Nairobi, na kuwahoji watoto wa vibarua wale wangali hai, haihitaji mkopo wa China.

Gavana wa Uasin Gishu na mwenzake wa Trans Nzoia wanaweza kuanza na jambo dogo: kudai kutoka kwa Shirika la Reli ripoti ya ukaguzi wa kila daraja kati ya Timboroa na Kitale, na kuichapisha ili wenye malori, wakulima na madiwani waisome. Ya pili ni ratiba ya treni ya mizigo wakati wa mavuno, hata kama itakuwa mara moja kwa wiki. Na msomaji ambaye nyumbani kwao kuna kipande cha babu kilichogongwa mhuri wa reli, au picha ya genge lililosimama juu ya mataruma, asikiache kioze ndani ya sanduku. Akipeleke maktaba iliyo karibu kinakiliwe, na nyuma ya picha aandike majina ya wote anaowatambua.